Ndugu Wenye Vituko: Riwaya ya Vichekesho ya Watoto na Pwani ya Kilwa na Lindi

Riwaya ya watoto ya vichekesho na safari ni utanzu ambao mhusika wake mkuu, kwa kawaida mtoto wa miaka 8 hadi 13, hutoka nyumbani kwenda kutafuta kitu au mtu, hupita katika hatari zinazotisha bila kuumiza, na hurudi akiwa amejua jambo ambalo wakubwa wake hawakulijua. Kinachoutenga utanzu huu na hadithi nyingine za safari ni kwamba kicheko chake hakitokani na safari yenyewe pekee, kwani sehemu kubwa huletwa na jamaa wa mtoto huyo: babu asiyekubali kulala ndani ya nyumba, shangazi anayehesabu kuku wake kwa majina ya wafalme, mjomba aliyeapa kutovaa viatu mpaka meli fulani irudi bandarini. Watu wa namna hiyo huitwa wenye vituko, na kituko, katika maana inayotumika hapa, ni tendo au tabia iliyo nje ya mazoea, inayochekesha na kushangaza kwa pamoja. Hoja ya sura hii ni kwamba pwani ya Kilwa na Lindi imeupa utanzu huu udongo ambao nchi nyingi hazina, kwa sababu katika jamii za pwani hiyo kituko cha ndugu hakikuachwa kiwe hulka ya mtu mmoja tu. Kiliwekewa nafasi na mila, kikapewa wakati wake, mipaka yake na watu wanaoruhusiwa kukifanya.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kuanza na jinsi utanzu huu ulivyojengwa kwingine. Mwandishi wake anayejulikana zaidi duniani ni Roald Dahl, aliyezaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi wa Kinorwe, na ambaye kabla ya kuandika kitabu chochote alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1938. Vita vilipozuka Septemba 1939 alikabidhiwa askari wa kuziba barabara iendayo kusini, ili Wajerumani waliokuwa mjini wasikimbilie upande wa Wareno, na mambo hayo aliyasimulia mwenyewe katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986. Katika riwaya yake ya James and the Giant Peach, iliyotoka mwaka 1961, wazazi wa mtoto wanaliwa na kifaru aliyetoroka, na mtoto anaangukia mikononi mwa shangazi wawili wakatili. Miaka kumi na sita kabla yake, Astrid Lindgren wa Uswidi alikuwa amemtoa Pippi, msichana ambaye mama yake amefariki na baba yake, nahodha, amepotelea baharini. Mpango wa riwaya hizi ni mmoja: wazazi huondolewa kwanza, kwa kifo au kwa kupotea, ndipo mambo ya ajabu yapate mlango wa kuingilia. Sababu yake ni ya kijamii. Katika nchi ambazo mtoto ni wa baba na mama yake peke yao, na ndugu wengine ni wageni wa sikukuu, mwandishi hana njia ya kumfikisha mtoto kwa mjomba mwenye vituko mpaka kwanza amfanye yatima.

Kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania njia hiyo ndefu haihitajiki. Mtoto hupelekwa kwa bibi kukaa likizo nzima au mwaka mzima wa shule, hutumwa kwa baba mkubwa kusaidia duka, hukaa kwa mama mdogo mjini, na katika safari hizo zote hahesabiwi kuwa ameachwa. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao vijiji vyao vimetapakaa kutoka Lindi na Mchinga kuelekea bara, ukoo kwa desturi huhesabiwa kuukeni, yaani kwa upande wa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye neno zito juu ya watoto wa dada yake: katika jando, katika ndoa, katika deni na katika kesi. Uislamu na sheria za serikali zimeipunguza nguvu ya mpango huo bila kuufuta, na matokeo yake kwa msimulizi ni makubwa, kwa kuwa mtoto ana baba anayemlisha na mjomba anayemwamuru, na watu hao wawili si lazima wakubaliane. Mjomba akituma ujumbe kwamba mpwa wake afike Kilwa Kivinje kabla ya mwezi kuandama, safari imekwisha kuanza. Hakuna aliyekufa, na msomaji wa Lindi hataona ajabu yoyote katika mwanzo huo.

Jambo lililo kubwa zaidi ni utani. Utani ni uhusiano unaotambulika kimila ambao huwapa watu wawili, au makundi mawili, haki ya kutaniana, kusimangana, kunyang'anyana vitu vidogo na kuambiana ukweli hadharani, kwa sharti kwamba anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Wataalamu wa sayansi ya jamii wameuandika tangu zamani: A. R. Radcliffe-Brown aliufanyia uchambuzi wa jumla mwaka 1940, na R. E. Moreau akachapisha mwaka 1944 maelezo ya utani wa makabila ya Tanganyika. Kuna utani wa makabila, uliotokana mara nyingi na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu au na safari za misafara, kama ule wa Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani na Wazaramo waliowapokea. Kuna pia utani wa ukoo, na huo ndio unaomhusu zaidi mwandishi wa watoto. Babu na mjukuu ni watani. Bibi na mjukuu ni watani. Mtu na shemeji yake ni watani. Na wakoi, yaani watoto wa mjomba na wa shangazi, ni watani katika jamii nyingi za kusini. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake na kulalamika mbele ya wageni kwamba mke huyo hajui kupika. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake na kumdai khanga za sikukuu. Mtoto hujifunza kujibu, na jibu kali linalotolewa kwa ulimi mwepesi husifiwa na waliokaa barazani.

Dhidi ya utani imewekwa heshima, ambayo ni uhusiano wa kujizuia. Mtoto hamtanii baba yake. Mkwe hatanii mkwe, na katika familia nyingi hata kula sahani moja au kupitana njiani kuna taratibu zake. Shangazi, ambaye ni baba wa kike, hukaa karibu zaidi na upande wa heshima kuliko wa mzaha. Mwandishi anayezijua taratibu hizi amepata mtambo wa kuendeshea riwaya nzima. Mtoto aliyelelewa Dar es Salaam, asiyejua ni yupi wa kutaniwa na yupi wa kuheshimiwa, akifika Kilwa Kivinje na kumtania mzee asiyestahili kutaniwa, amekosa kosa la kweli lenye fidia ya kweli. Akimheshimu kwa unyenyekevu mtani wake, atachekwa mtaa mzima kwa kumnyima mzee huyo haki yake. Mtani akichukua jogoo wa mtu na kuondoka naye kwa madaha, wizi haukutendeka, lakini mtoto anayemfukuza kwa kudhani amemwona mwizi atamfukuza kweli, na sura tatu za riwaya zitajaa mbio hizo.

Utani huonekana kwa nguvu zote msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania watani wa marehemu ndio wanaoshika kazi ngumu za mazishi, na wakati waombolezaji wanalia, watani huiga mwendo na sauti ya marehemu, humdai madeni yake, huzuia jeneza lisipite mpaka walipwe chochote, na wengine huthubutu kulala ndani ya kaburi wakisema wamelipenda. Mgeni asiyejua anaweza kuona ni ukatili. Wenyeji wanajua kuwa kicheko hicho kimepewa kazi ya kuwafanya waliofiwa wapumue, na kwamba mtani amepewa hata ruhusa ya kutaja kasoro za marehemu ambazo wengine wote wamefungwa midomo kuzitaja. Fasihi ya watoto hupata tabu kubwa kuzungumzia kifo. Waandishi wengi hukikwepa au hukifunika kwa maneno laini. Mwandishi wa pwani ya kusini ana mfano wa kale wa namna ya kumweleza mtoto kuhusu kifo huku akimchekesha, bila kuidharau huzuni yake, na ni hasara kubwa kwamba mfano huo haujatumiwa ipasavyo katika vitabu vya watoto.

Iwapo utani ndio mtambo, kisa cha kwanza nacho kiko tayari, nacho ni habari ya kuanzishwa kwa Kilwa yenyewe. Habari hiyo imefika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, kilichoandikwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, mwaka 1877, na matini yake ikachapishwa mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Kireno wa João de Barros, wa mwaka 1552. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Matini hizi hazikubaliani katika mambo mengi, na kwa mwanahistoria hilo ni tatizo la kushughulikiwa kwa uangalifu, lakini kwa mwandishi wa riwaya ni neema, kwa maana kila tofauti ni chumba kingine cha nyumba ileile.

Matini ya Kiarabu huanza na ndoto. Sultani wa Shirazi aliona usingizini panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji, akafasiri kwamba nchi yake itabomoka. Sultani huyo na wanawe sita waliogopa kwamba wakitangaza nia ya kuhama watazuiwa, hivyo wakapanga hila ya kifamilia: baba na mwana wagombane kwa uongo barazani mbele ya mawaziri, kofi litolewe, aliyepigwa akasirike na kutumia hasira hiyo kuwa kisingizio cha kuihama nchi. Wakaondoka kwa merikebu saba, kila moja ikatia nanga mahali pake kwenye pwani na visiwa. Ya sita ilifika Kilwa na ya saba Anzwani. Ni vigumu kupata katika fasihi yoyote mwanzo unaowafaa watoto kuliko huu, wenye panya wa ajabu, baba mwenye hofu asiyeona haya kuieleza kwa wanawe, ugomvi wa kuigiza unaotaka kila mmoja azuie kicheko chake, na merikebu saba zilizojaa ndugu. De Barros kwa upande wake anaeleza kwamba Ali, mwanzilishi wa Kilwa, alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na ndiyo maana akaenda kutafuta nchi yake mwenyewe. Katika toleo hilo msafiri ni mtoto aliyetengwa na kaka zake, na kila mtoto aliyewahi kubaguliwa katika mchezo ataelewa kwa nini alipanda chombo.

Kisha yanakuja manunuzi ya kisiwa. Mwenyeji aliyekuwa na mamlaka juu ya kisiwa, mtu wa bara aliyekuwa mwindaji, alikubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Nguo zikatandazwa ufukweni kuzunguka kisiwa, akazichukua na kurudi bara. Zamani hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu kati ya kisiwa na bara, na mwuzaji alikusudia kuitumia njia hiyo kurudi na jeshi ili akichukue tena kisiwa chake. Matini ya Kiarabu inasema wageni walichimba mkondo ili maji yasikauke. Masimulizi ya Kiswahili yanasema ilisomwa Kurani na kufanywa kafara, na maji hayakupwa tena. Mwuzaji alifika ufukweni, akangoja maji yatoke, yasitoke, akaondoka. Masimulizi ya Kiswahili yanaongeza jambo ambalo ndilo hasa linalokigeuza kisa hiki kuwa cha familia: mzee huyo, Mrimba, alikuwa amemwoza mgeni binti yake, na mtoto aliyezaliwa, alipokua, alifunga safari kwenda bara kumtafuta babu yake, naye babu akamkabidhi mjukuu utawala wake. Kwa msomaji anayejua utani, nusu ya pili ya kisa hiki ina mantiki kamili. Mrimba asingeweza kupatana na mkwe wake, kwa kuwa kati yao kulikuwa na heshima iliyokwisha kuvunjwa na hila. Mjukuu ndiye aliyeweza kwenda, kwa kuwa mjukuu ana ruhusa ya kumkabili babu kwa maneno ambayo baba yake angekatwa kichwa kwa kuyasema. Matini haisemi walizungumza nini walipokutana, na pengo hilo ndilo mwaliko bora zaidi ambao historia ya Kilwa imempa mwandishi wa watoto.

Wanahistoria wa leo hawaikubali habari hii neno kwa neno, na uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba mji ulikuwepo kabla ya utawala unaohusishwa na Washirazi. Hata hivyo utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa na Songo Mnara, uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023, ulibainisha kwamba kwa upande wa kike nasaba ya wenyeji wa miji hiyo ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na kwa upande wa kiume ilikuwa na mchango mkubwa wa Kiajemi, uliochanganyika kuanzia mnamo mwaka 1000. Ndoa ya binti wa Mrimba, kwa maana hiyo, si porojo tupu.

Ukoo wa watawala wa Kilwa ulitoa pia ndugu wawili ambao mtunzi yeyote angejivunia kuwabuni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayehusishwa na ujenzi wa jumba la Husuni Kubwa lenye kidimbwi cha pembe nane, na ambaye kwa ukarimu wake alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha sultani njiani na kumwomba nguo alizokuwa amezivaa, na alipoambiwa atapewa, alisema anazitaka saa ileile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine na kumpa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa kumlipa fakiri watumwa kumi, na baba aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sultani alipofariki alitawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake kabisa: mwombaji akija, alimwambia kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Ndugu wawili wa tumbo la kifalme, mmoja akivua nguo barabarani kwa ajili ya sifa na mapenzi ya Mungu, mwingine akikaa miezi na wageni kabla ya kuwapa kitu kidogo, mpaka wakaacha kuja, ni wahusika waliokamilika.

Hapa lazima neno zito lisemwe. Watumwa ishirini waliotolewa zawadi katika kisa hicho walikuwa watu, na Kilwa Kivinje, karne tano baadaye, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa. Mwandishi wa vichekesho hana ruhusa ya kuwapitia watu hao kana kwamba ni mizigo ya pembe. Anaweza kumfanya mmoja wao kuwa msimulizi, au kumfanya mtoto wa riwaya aulize majina yao, na kicheko kuhusu sultani aliyevua nguo kitabaki hai huku msomaji akijua ni nani waliolipia ukarimu ule. Utani wenyewe unafundisha jambo hilo: mtani mwema humcheka mwenye nguvu na humwacha aliyeumia.

Kuhusu vitu vya kutafutwa, pwani hii haina upungufu, na inatosha kuvitaja kwa haraka. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu kadhaa mchangani, na baadaye ikatambuliwa kwamba tano kati yake zilifuliwa Kilwa. Namna zilivyofika huko haijathibitishwa mpaka leo. Tendaguru, takriban kilomita 60 kutoka Lindi kuelekea kaskazini magharibi, ndiko wataalamu wa Berlin walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, kwa kazi ya mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mpaka bandari ya Lindi; mifupa ya mmoja wa wanyama hao imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kwa urefu unaozidi mita 13. Mwaka 2003 wavuvi wa eneo la Songo Mnara walinasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka huohuo Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji. Kabla yake, masika yalipokolea, barabara ya kusini ilikatika na wasafiri walikaa siku nyingi njiani, hali ambayo babu yeyote wa Kilwa anaweza kuieleza kwa saa nzima, na kila anapoieleza mamba huongezeka urefu.

Swali linalobaki ni kwa nini, pamoja na utajiri huo, riwaya ndefu ya watoto ya aina hii haijastawi kwenye pwani hiyo. Jibu moja liko katika historia ya vitabu vya Kiswahili. Edward Steere alichapisha ngano za Zanzibar mwaka 1870, na ngano, yaani hadithi za kubuni zinazosimuliwa kwa mdomo na mtambaji mbele ya hadhira, zikaingia vitabuni zikiwa zimepoteza sauti ya mtambaji na majibu ya watoto waliomzunguka. Katika enzi ya Waingereza shule zilipewa tafsiri za riwaya za safari, zikiwemo Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambazo Frederick Johnson alizitafsiri na zikatoka mwaka 1929. Hizo zilileta hatari na hazina, lakini mashujaa wake ni wanaume walioziacha koo zao ng'ambo. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, mwaka 1952, aliurudisha ukoo katikati ya safari, kwa ndugu wawili wahusudu waliogeuzwa manyani, ila lengo lake lilikuwa maadili kabla ya kicheko. Watu wazima wengi wa Tanzania wanamkumbuka Bulicheka na mkewe Lizabeta kutoka vitabu vya kiada vya shule ya msingi, na ukumbusho huo wenyewe ni ushahidi kwamba mtoto hushika maisha yake yote kile kilichomchekesha. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, alionyesha katika Ngao ya Jadi kwamba umbo la ngano linaweza kubeba fikra nzito, ingawa aliandikia jukwaa na watu wazima. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulifanya kazi ya maana kwa kuwawezesha wachapishaji kutoa vitabu vingi vya watoto na kuvifikisha shuleni. Na Edwin Semzaba, katika Marimba ya Majaliwa, alithibitisha kwamba mtoto wa Kitanzania anaweza kuzungushwa nchi nzima katika riwaya moja yenye uchawi na kicheko.

Kazi ya Semzaba ndiyo iliyo karibu zaidi na utanzu unaojadiliwa hapa, na inaonyesha njia. Kinachohitajika sasa ni mwandishi atakayeituliza safari hiyo katika pwani moja, akaijaza ndugu wanaojuana. Mwandishi huyo atalazimika kuzingatia kwamba mhusika mwenye vituko hapendwi na wasomaji kwa sababu anafanya mambo ovyo. Hupendwa kwa sababu anafuata kanuni yake mwenyewe bila kuyumba, na kanuni hiyo, ingawa wengine hawaielewi, ina sababu inayofichuliwa taratibu. Mjomba asiyevaa viatu anachekesha katika sura ya kwanza. Katika sura ya tisa, mtoto akigundua ni meli ipi aliyokuwa akiingoja, kicheko hubadilika kuwa upendo. Atalazimika pia kujiepusha na kicheko cha bei rahisi kinachotegemea kigugumizi, kilema au lafudhi ya mtu wa bara, kwa sababu hicho hakitokani na utani: mtani hujibiwa, na aliyechekwa kwa kilema chake hana jibu.

Masharti ya wachapishaji nayo yanahitaji kubadilika. Kitabu cha watoto kinapolazimishwa kuwa na kurasa chache na funzo moja mwishoni, hakibaki na nafasi ya babu kusimulia, mjukuu kumkatiza, na bibi kuwakosoa wote wawili. Ucheshi wa ukoo unahitaji kurasa, kwa kuwa mzaha wa mtani hunoga unaporudiwa mara ya tatu ukiwa umegeuzwa kidogo. Mtoto wa darasa la tano anayeweza kumsikiliza babu yake kuanzia magharibi mpaka isha anaweza pia kusoma kurasa 150, akipewa za kumfurahisha.

Walimu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga na Lindi mjini wanaweza kuianza kazi hii kabla ya mwandishi wala mchapishaji. Wawape wanafunzi zoezi la kwenda kwa babu na bibi zao, kuuliza ni nani watani wa ukoo wao, utani huo ulianzaje, na ni kituko gani cha ndugu ambacho familia bado inakisimulia. Waandike majibu katika madaftari, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na madaftari hayo yahifadhiwe shuleni. Nao wachapishaji wa Dar es Salaam na Zanzibar watoe upya masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa katika toleo la watoto, lenye maelezo na picha, ili mtoto wa Kilwa asome habari za Mrimba na mjukuu wake katika lugha yake mwenyewe.